Mguu wa Bi Time kwa Kitaliano

Malindi, Mji Mkongwe
Jumapili, 4 Mei 2025

Kwa mjomba wangu Shaame,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima na kifua kimepoa. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mama. Jumanne alijikwaa kwenye kinu, akaanguka, na mguu umevimba kama papai. Anasema kinu nilikiweka mimi njiani. Mie nasema kinu kile kipo pale pale tangu sijazaliwa.

Ninakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako haipatikani tangu mwezi wa pili. Mara ya mwisho kuandika barua ilikuwa kwenye mtihani wa skuli. Nilianza moja kwa moja na shida yangu, mama akaichungulia, akaichana. "Salamu kwanza! Huyo ni kaka yangu, si karani wa umeme." Basi hii ni ya pili. Anakusalimu sana, na anauliza: ulipopanga nguo za marehemu mkeo, Bi Sichana, hukuiona kanga ya zambarau yenye maua meupe? Anaitafuta mwaka wa sita huu.

Baada ya salamu, jambo lenyewe. Munir akileta viungo vyako sokoni Darajani hupita kwetu kunywa chai, na ametueleza hali ya shamba. Anasema wageni wakija Kidichi siku hizi unawapa jani la mchaichai wanuse. Unanyamaza, nao wananyamaza, kisha wanakwenda zao kwa Ayoub jirani. Mjomba, najua msemaji alikuwa Bi Sichana. Lakini shamba likikosa wageni utalitunza na nini?

Zile video kumi na nne nilizompiga akieleza viungo ninazo zote. Ofisini kwetu Shangani tunajaribu programu mbili za kompyuta kwa ajili ya watalii. Ya kwanza nimeipa jina Msomaji: wewe unaandika maneno, yeye anayasoma kwa sauti, kwa lugha yoyote. Sauti si ya mtu yeyote, ni ya mashine. Ya pili nimeiita Mwigaji. Huyo anachukua video ya Bi Sichana na kumfanya aseme Kitaliano au Kifaransa kwa sauti yake mwenyewe, na midomo inafuata. Tajiri wangu Sabri atalipia moja tu, na mwisho wa kuchagua ni Juni.

Nakuomba vitu viwili. Andika karatasi moja kuhusu mdalasini, tumpe Msomaji. Na kwa ajili ya Mwigaji nahitaji dakika moja ya sauti safi ya Bi Sichana, bila kelele. Katika simu yako haikosekani. Mpe Munir aniletee.

Mpwa wako,
Nassra

*

Kidichi
13 Mei 2025

Kwa mwanangu Nassra,

Marahaba, na wewe uwe na umri mrefu. Barua yako nimeipokea kwa Munir, ikiwa na alama ya kikombe cha chai. Sisi hatujambo. Nikisema sisi, ni mimi na jogoo. Kifua kimepoa. Mvua zimekuwa nyingi na mpilipili manga umepanda mpaka juu ya mfenesi. Mpe mama yako pole ya mguu. Aukande kwa maji ya moto yenye chumvi. Chumvi kwangu ipo nyingi, akitaka nitamletea. Marehemu alikuwa akinituma ndimu, nami hurudi na chumvi, sijui kwa nini. Pakiti kumi na moja bado zimo stoo.

Kanga ya zambarau sijaiona.

Habari ya simu: panya wamekula waya wa chaja. Nimeiweka simu kabatini, nimeifunga vizuri kwenye kanga isiingie unyevu. Kwa hivyo kwa sasa haiwezekani.

Ninakushukuru kwa fikra yako. Ni kweli kwamba mbele ya wageni ulimi wangu unakuwa mzito. Sichana alikuwa akipasua tunda la mzingefuri, akiwapaka kinamama wa Kizungu rangi midomoni, akiwaambia, "Sasa umependeza, nenda kamtafute mume," nao wanacheka bila ya kuelewa. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika kisu.

Nina suala. Huyo Mwigaji akimsemesha Kitaliano, ni yeye anayesema au siye? Kwa Kitaliano alijua kuhesabu mpaka kumi, na saba alikuwa akiiruka. Mwigaji ataijua hiyo saba?

Karatasi ya mdalasini imo ndani ya bahasha. Nimeiandika mara tatu iwe na adabu.

Mjomba wako,
Shaame

*

Malindi
29 Mei 2025

Kwa mjomba wangu Shaame,

Shikamoo. Sisi wazima. Mguu wa mama umepungua, na sababu yake utaisikia hapa chini. Asante kwa chumvi. Pakiti nne zilitosha, mjomba, hukuwa na haja ya kuleta sita.

Mjomba, karatasi yako! Kosa ni langu. Siku ile kazi zilikuwa nyingi, nikaipiga picha, nikamtia Msomaji bila ya kuisoma. Sabri akaichukua moja kwa moja kwenye nyumba ya wageni iliyo jirani na ofisi, wamekaa Wataliano tisa barazani, akafungulia. Sisi tunangoja mdalasini. Msomaji akakohoa kidogo (sijui kwa nini anakohoa), akaanza kwa Kitaliano, na Sabri ananifasiria sikioni:

"Kwako mgeni uliyenifikia. Shikamoo, kama umenizidi umri. Kama nimekuzidi, marahaba. Natumai umeacha nyumbani kwako wazima, wazee na watoto. Sisi wa Kidichi hatujambo, isipokuwa dada yangu Time, ambaye ameanguka na mguu wake umevimba. Tafadhali muombee. Mvua zimekuwa nyingi. Mke wangu Sichana, aliyekuwa akikueleza haya, alifariki mwezi wa kwanza. Ungemsikia yeye ungefurahi zaidi. Baada ya salamu, madhumuni ya barua hii ni mdalasini."

Nikatamani ardhi ipasuke. Sabri akanyoosha mkono aizime, bibi mmoja wa Kitaliano akamshika mkono, akamwambia aache. Wote walikuwa wameinamisha vichwa kama watu msikitini. Mdalasini wenyewe uliusemea sentensi mbili tu, mjomba! "Ni gamba la mti. Ukilichuna vibaya mti unakufa, kwa hivyo tulia." Kisha ukawaomba wakifika kwao wakukumbuke.

Ilipokwisha, yule bibi akauliza, "Bi Time anaendeleaje?" Sabri akamwambia binti yake ndiye huyu. Bibi akafungua mkoba, akatoa dawa ya kuchua. Mama anaipaka asubuhi na jioni na anawaambia majirani kwamba anatibiwa na Wataliano. Bibi mwingine alitaka kujua kama ni vibaya kwamba yeye hajui nani kamzidi umri, yeye au wewe. Ana miaka sabini na moja. Nimemwambia akuamkie tu.

Sabri anasema hii si biashara, lakini anacheka mpaka leo.

Mwigaji naye nimemjaribu mbele ya Wataliano wale wale, kwa video ya mzingefuri. Unaikumbuka? Katikati Bi Sichana anageuka na kupiga kelele, "Shaame, mtoe ng'ombe huyo, anakula lavani yangu!" Mwigaji kaifasiri yote kwa Kitaliano, lavani ikawa vanila, kwa upole ambao mkaza mjomba hakuwa nao hata siku ya harusi. Halafu jogoo. Jogoo wako anawika video nzima, na Mwigaji kamdhani ni mtu wa pili. Kampa sauti nzito ya mwanamume, na kila akiwika anasema kwa Kitaliano, "Naam, bila shaka." Bi Sichana anaeleza, jogoo anakubali.

Ndiyo maana nakazania sauti safi. Nikiwa na dakika moja isiyo na jogoo, Mwigaji ataishika sauti yake sawasawa. Nimekununulia chaja mpya, Munir anakuletea pamoja na barua hii.

Mpwa wako,
Nassra

*

Kidichi
10 Juni 2025

Kwa mwanangu Nassra,

Marahaba. Natumai sikukuu mmeila kwa furaha. Mimi nilisali, nikala wali kwa Ayoub, nikarudi. Ayoub ni mtu mwema, ila anaeleza viungo mpaka wakati wa kula. Nimefurahi mama yako amepata nafuu. Kumbe mguu umefika mbali kuliko mwenyewe.

Chaja nimeipokea. Kwa bahati mbaya mdomo wake ni mpana na tundu la simu yangu ni jembamba. Usihangaike kutafuta nyingine.

Sasa nikupe habari. Ijumaa iliyopita kabla ya sikukuu walikuja Wataliano wanne. Sikuwatazamia. Wameshuka tu garini, bibi mmoja mrefu akaja mbele yangu, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo." Nikasema, "Marahaba," nikaona haya, maana pengine kanizidi. Kisha akashika goti lake, akakunja uso, akauliza, "Bi Time?" Nikafanya hivi kwa mkono, kwamba anatembea. Wakapiga makofi, Nassra. Wakapiga makofi kwa ajili ya mguu wa dada yangu.

Halafu mwanamume mmoja akaanza kuangalia nyuma ya miti. Nikamuuliza Munir anatafuta nini. Munir akamuuliza kwa Kitaliano chake cha sokoni, akanambia, "Anamtaka ng'ombe. Kamuona ng'ombe wako kwenye video." Nikawaonyesha mlavani alioula. Wakaupiga picha. Walikaa saa mbili, na mimi nilisema maneno mengi kuliko niliyosema tangu arubaini. Kwa Ayoub hawakwenda.

Munir alinionyesha video ile katika simu yake. Ni kweli ni yeye. Mtandio wake ule wa kijani, na kile kidole alichokikata kwa panga mwaka tuliohamia. Alipofungua mdomo ikatoka sauti yake kwa Kitaliano. Sikuisikia mpaka mwisho, kwa sababu nilikwenda kumtazama ng'ombe, alikuwa amefunguka kamba.

Mjomba wako,
Shaame

*

Malindi
21 Juni 2025

Kwa mjomba wangu Shaame,

Shikamoo. Sisi hatujambo, mama anatembea, kinu kimehamishwa.

Mjomba, ng'ombe ulimuuza kabla ya Ramadhani. Mama ndiye aliyekutafutia mnunuzi.

Na chaja ni ya simu ile ile. Simu nilikununulia mimi. Munir anasema chaja uliipokea, ukaitazama, ukaitia mfukoni, wala kabati hukulifungua. Usimkasirikie. Nilimpa chai na kaimati ndipo aliposema.

Nimemwonyesha mama video ya Mwigaji. Alicheka kwa jogoo mpaka akalia, halafu akaendelea kulia, basi nikaizima. Sasa na mimi sijui. Sabri anamtaka Mwigaji, anasema ndiyo kazi ya kisasa, na ananingoja mpaka tarehe thelathini. Nimemwambia mwenye neno ni wewe. Bila ya idhini yako simgusi Bi Sichana tena.

Kama hutaki, niambie hutaki. Sitakuuliza kwa nini. Lakini usiniambie panya.

Mama anauliza tena habari ya kanga.

Mpwa wako akupendaye,
Nassra

*

Kidichi
30 Juni 2025

Kwa mwanangu Nassra,

Marahaba. Natumai hamjambo. Mimi sijambo.

Panya hakuna. Hata unyevu hakuna.

Siku ile, Alhamisi, nilikuwa Darajani. Saa nne na dakika kumi simu ikalia kidogo, nikaona Sichana kaniletea ujumbe wa sauti. Dakika moja na sekunde hamsini na mbili. Soko lilikuwa na kelele, watu wa mnada wa samaki wanapiga ukelele, nikasema nitausikiliza nyumbani kwa utulivu. Nikanunua chumvi. Saa nane akanijia mtoto wa Ayoub sokoni kuniambia nirudi, Sichana presha imempanda, wamempeleka hospitali. Unajua yaliyobaki.

Ujumbe ule sijaufungua mpaka leo. Kile kidoti chake cha kijani bado kipo. Nimeizima simu kwa sababu nikiiwasha watu wataleta salamu zao na picha zao za Ijumaa njema, na yeye atashuka chini, chini, mpaka nisimuone.

Mwanzo nilijiambia: madhali sijausikia, basi Sichana ana neno moja bado hajaniambia. Mtu ambaye hajamaliza kusema hajaondoka moja kwa moja. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa.

Lakini ya kweli ni hii. Naogopa kwamba alikuwa ananiita. Kwamba alihisi vibaya, akasema Shaame njoo, kwa dakika nzima na sekunde hamsini na mbili, na mimi nilikuwa nachagua chumvi.

Kwa hivyo siwezi kukupa. Mwambie Sabri anisamehe.

Na kanga ya zambarau ninayo. Ndiyo niliyoifungia simu. Ilikuwa ya juu kabisa sandukuni mwake, ndiyo maana niliichukua. Sikujua kuwa ni ya mama yako mpaka ulipouliza, na ulipouliza nikaona haya kuifungua.

Mjomba wako,
Shaame

*

Malindi
2 Julai 2025

Kwa mjomba wangu Shaame,

Shikamoo. Nilimsomea mama barua yako, naye akaniamuru nichukue kalamu. Haya ni maneno yake, nayaandika kama alivyoyasema:

"Shaame, kaka yangu, wewe umeishi na Sichana miaka thelathini na nne na hukumjua? Yule akitaka msaada anapeleka ujumbe wa sauti? Yule akitaka msaada anapiga ukelele mpaka Ayoub anatoka chooni! Siku alipoona nyoka mimi nilimsikia nikiwa njiani, hata sijafika kwenu. Mtu anayekufa haanzi kutafuta kitufe. Saa nne alikuwa mzima. Ayoub mwenyewe aliniambia kwamba adhuhuri waligombana juu ya mbuzi wake, na Sichana akamshinda. Isikilize hiyo simu, halafu nirudishie kanga yangu."

Mjomba, haya sasa ni yangu mimi. Usisikilize kwa ajili ya Mwigaji. Nimemwambia Sabri hatumtaki. Kanuna, lakini amekubali kungoja jibu lako.

Nassra

*

Kidichi
9 Julai 2025

Kwa mwanangu Nassra, na dada yangu Time aliye pembeni yako akichungulia,

Marahaba kwako, na wewe Time nakuamkia. Natumai mu wazima. Mimi mzima, Alhamdulillahi, na leo nasema hivyo nikiwa na maana yake.

Jana asubuhi nilisubiri ifike saa nne na dakika kumi. Nikakaa kwenye kibao cha jikoni, pale anapokaa. Nikaitia simu chaji, kwa chaja yako, ambayo imeingia bila ya taabu. Nikabonyeza.

Kwanza alinisalimu. Nassra, tuliagana saa mbili asubuhi, naye saa nne ananisalimu kama nipo Muscat. "Assalaam aleikum, Shaame. Hujambo? Mie sijambo, wa nyumbani hawajambo." Wa nyumbani walikuwa yeye na jogoo. Halafu nitakuandikia kama nilivyosikia, nimeusikiliza mara nyingi sasa, naujua kwa moyo:

"Nakukumbusha ndimu. Ndimu, Shaame, si chumvi. Chumvi ipo, chumvi tunayo ya kumzikia papa. Ukifika kwa muuzaji sema neno hili: ndimu. Shhh! Wewe jogoo, nazungumza na mume wangu! ... Usichukue zile zilizosinyaa. Zibonyeze kwanza. Na ukipita Malindi nisalimie Time, mwambie kanga yake ile ya zambarau ninayo mie, sijaiiba, nimeiazima, basi tu imekuwa muda mrefu na sasa naona haya. Mwambie nitampelekea mwenyewe. Toka! Jogoo huyu kaingia kwenye mchele, Shaame, nitamchinja, wallahi, ukirudi umkute chunguni. Toka! Haya. Ndimu. Nshamaliza."

Basi. Hakuniita. Alinituma ndimu.

Nilicheka peke yangu mpaka jogoo akaja mlangoni kutazama. Halafu nililia kidogo, lakini kile kilio kingine, kisichouma. Halafu nilivaa viatu, nikaenda dukani, nikanunua ndimu sita. Nilizibonyeza kwanza.

Kuhusu kazi yako, sasa nakupa jibu bila ya panya. Mwigaji hapana. Kwanza sauti safi hakuna, jogoo yumo mwanzo mpaka mwisho, na Mwigaji atamfanya aseme "Naam, bila shaka" wakati anatishiwa kuchinjwa. Pili, niliuliza ni yeye anayesema au siye. Sasa nimemsikia mwenyewe, na nimejua: si yeye. Yeye hasemi kwa upole hivyo. Video zake waonyeshe wageni kama zilivyo, kwa Kiswahili chake, na ng'ombe ndani yake. Wataelewa. Walikuwa wakielewa zamani.

Nipe Msomaji. Yule hamuigi mtu. Mimi nitaandika karatasi kumi na nne, moja kwa kila kiungo, yeye awasomee wageni kwa lugha zao, na mimi nitasimama pembeni na kisu kama nilivyozoea. Lakini mwambie Sabri salamu zisikatwe. Mgeni hawezi kuingia nyumbani mwa mtu akaelezwa kungumanga kabla ya kuulizwa hali. Habari ya mguu nitaibadilisha: Bi Time amepona, anashukuru. Karatasi ya mzingefuri na ya lavani zimo ndani ya bahasha. Ya kungumanga bado inanishinda, kwa sababu nikiianza nakumbuka jinsi Sichana alivyokuwa akiificha mkononi na kuwauliza wageni ipo mkono gani, na haikuwa mkono wowote, ilikuwa mdomoni mwangu.

Munir anakuletea bahasha, ndimu mbili, na kanga. Nimeifua. Kona moja ina doa la zingefuri ambalo halitoki, na sikulisugua sana.

Time, dada yangu: Sichana anakusalimu. Alinituma tarehe thelathini ya mwezi wa kwanza, nami nimechelewa, lakini ujumbe nimeufikisha kama ulivyo. Kanga hakuiiba. Aliiazima, akaona haya.

Mkinywa chai na Munir, mnikumbuke.

Shaame